Jina la Nane Ukutani

Picha ya waanzilishi ilikuwa na watu saba, lakini ukutani paliandikwa majina manane. La nane lilikuwa limefunikwa kwa rangi, na rangi yenyewe ilinuka pamba iliyolowa, ingawa pamba ya mwisho ilitoka kwenye jengo hilo la Mkuyuni kabla Getruda hajazaliwa. Lilikuwa ghala, ndipo baba yake, Mzee Nkwabi, akaligeuza klabu ya jazz.

Sasa mzee alilala mgonjwa katika chumba cha nyuma, na Getruda aliomba baba aishi tu hadi sherehe ya miaka hamsini ya klabu. Alitaka majina yote yasomeke siku hiyo. Akachukua kisu, akakwangua rangi.

Desturi ya klabu ilikuwa moja: mwimbaji anaita jina, aliyeitwa anapiga kipande chake peke yake, akimaliza naye anamwita mwingine. Mchana huo Getruda alijizoeza kuyaita, peke yake ukumbini.

"Masalu," akaita la nane.

Saksafoni iliyotundikwa ukutani ikaanza kulia, taratibu, kwa pumzi moja isiyokatika, ndefu kuliko kifua cha mtu yeyote, na harufu ya pamba ikapanda, na miguu ya Getruda ikagoma kuondoka hadi kipande kilipokwisha.

"Getruda," ikaita.

Alikimbilia kwa baba yake.

"Umeitika?" mzee alinong'ona.

"Hapana, baba."

"Huyo tulimkuta humu. Tukamwandika na sisi ili atulie. Wawili wetu walimwitikia, hatukuwaona tena, ndipo tukalifunika jina lake. Usiitike mwanangu, hata ukisikia sauti yangu. Nikikuhitaji nitagonga kigoda hiki."

Siku ya tatu, saa sita mchana, Getruda alikuwa jikoni.

"Getruda. Maji, mwanangu."

Kigoda hakikugongwa. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, wala hakuthubutu kuinuka. Sauti iliita tena, ikafifia, ikaisha.

Alipoingia chumbani mwishowe, kigoda kilikuwa kimebiringika hadi mlangoni, mbali na mkono wa mzee. Mkono ulikuwa wa baridi. Ni baba mwenyewe aliyekuwa akiita. Getruda alipiga magoti akalia kwa uchungu, akijilaani.

Ukumbini saksafoni ililia kidogo, ikanyamaza.

"Getruda," baba yake akaita kutoka huko, kwa sauti yake ya zamani, ya uzima.

"Abee, baba," akaitika.