Skrubu ya Nne ya Mzee Matonya

Alhamisi, Juni 2004, saa tatu asubuhi, kliniki ya meno, Dodoma mjini. Dakta Waridi aliwasha kompyuta apitie kwa mara ya mwisho mpango wa Mzee Matonya: meno yote ya chini, yafungwe juu ya skrubu sita zitakazopandikizwa kwenye mfupa wa taya. Akaruka kitini. Skrubu ya nne ilikuwa imesogezwa hadi kwenye mshipa wa fahamu! Angetoboa pale, mdomo wa mzee wa watu ungekufa ganzi maisha.

Sajini Bupe alipofika alikuta mkosaji keshapatikana. Kompyuta ilionyesha mpango umebadilishwa Jumatano 02:15, yaani saa nane na robo usiku, na usiku huo alikuwepo mlinzi peke yake, Bartolomayo.

"Afande, kompyuta naionea dirishani tu," alilia Bartolomayo, pingu mikononi. "Hata kuiwasha sijui. Nitafungwa bure!"

Bupe hakuwa mtu wa kuburuzwa. Akamgeukia Thomas, fundi wa meno ya bandia, miaka ishirini akiyatengeneza kwa mkono.

"Jana ulifika saa ngapi?"

"Saa mbili kasorobo. Mlinzi akaenda zake, nikafungua. Wenzangu huja saa tatu."

"Na kompyuta?"

"Siijui, wala siitaki."

Bupe akainamia skrini. Pembeni iliandikwa 04:10. Akatazama saa yake ya mkononi: saa nne na dakika kumi asubuhi. Kompyuta yenye akili zake ingeandika 10:10.

"Anjelina," alimwita muuguzi, "saa hii alirekebisha nani?"

"Mimi, afande. Jumatatu umeme uliporudi iliuliza ni saa ngapi. Redio ikasema saa nne kamili asubuhi, nikaandika nne."

Ala! Basi ile 02:15 haikuwa usiku hata kidogo. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, kweupe, na Thomas alikuwa peke yake ndani.

"Mnanionea!" Thomas alifoka. "Milimita tatu tu, ndiyo nionekane muuaji?"

"Nani kakutajia milimita?" Bupe aliuliza taratibu. "Mimi mwenyewe sijaambiwa."

Thomas akakaa.

"Nilimtazama dakta akisogeza skrubu kwenye kompyuta, nikajua namna. Nilitaka mashine ionekane inakosea. Ikishika kazi, mikono yangu hii ya nini?"

"Na mdomo wa Mzee Matonya?"

Bupe alimfungua Bartolomayo, pingu zilezile akamvalisha fundi.

Dakta Waridi alikuwa na hasira, na machozi yalimlenga. "Kompyuta inapanga skrubu tu, Thomas. Meno ya kukaa juu yake ulikuwa uyatengeneze wewe. Mzee alikataa fundi mwingine yeyote."

Thomas akaitazama mikono yake.