Kifungua Mlango cha Batuli

Pale stesheni ya Tabora, treni ya Dar es Salaam ikiwa imetoka kushusha watu, kijana mmoja mwenye suruali ya bugaluu alipiga magoti mbele ya sanduku la chuma, akawa anagonga kufuli lake kwa jiwe.

"Utaliua bure," sauti ya kike ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Gauni la njano limebana kiuno, pini mbili kichwani, macho yanacheka. Huyo ndiye Batuli, aliyekuja kumpokea shangazi yake Maua.

"Ufunguo umenidondokea chooni, ndani ya treni," akasema kijana kwa aibu. "Na basi la Nzega linaondoka, nauli yangu imo humu!"

Batuli alichomoa pini, akaikunja kwa meno, akaitia kwenye tundu. Akainamisha kichwa kama anasikiliza umbea wa jirani. Tak! Kufuli likaachia.

"We! Mwizi wewe?"

"Mwizi angengoja usinzie, kaka. Mimi ni opereta wa simu, Posta. Haya ni mapenzi yangu tu."

"Unaitwa nani?"

"Piga simu Tabora uniulize."

Akapiga. Aliitwa Abbasi, bwana shamba kijana aliyepelekwa kwao Puge, kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Kila alipofika ofisini Nzega, simu ya kwanza ilikuwa ya Tabora.

"Nipe Batuli."

"Batuli yuko kazini, hapokei simu za wapenzi."

"Mwambie kuna mtu hajala tangu jana kwa ajili yake."

"Mwongo! Nasikia unatafuna."

"Karanga tu, laazizi."

Batuli alimpenda, tena sana, hata akawa anaunganisha simu za watu kwa makosa huku anatabasamu peke yake. Lakini alikuwa na kichaa chake. Baba yake, Mzee Lukumani, aliuza vifaa vya chuma Isevya, na binti alikuwa ameshayafungua makufuli yote ya dukani bila ufunguo, mpaka yakamchosha. Sasa alitamani vitasa vya vyumba vya fedha, vyenye vyuma saba ndani, ambavyo vyote lazima vinyanyuke sawasawa. Ukikosea kimoja tu, vyote vinarudi chini. Abbasi alimwahidi kumtafutia kimoja.

Siku moja laini ilikuwa mbaya, inanguruma.

"Batuli! Jumapili… wazee… wanaleta kifungua mlango!"

Sasa, mjini kwa kina Batuli, kifungua mlango hutolewa siku ya harusi, bwana harusi akimkuta shangazi kasimama mlangoni kwa bibi harusi. Na hapa hata posa ilikuwa bado! Batuli hakuwaza ndoa hata chembe. Aliwaza kitasa.

"Kiwe kizito!" akapiga kelele kwa furaha. "Kikiwa chepesi nakirudisha!"

"Haya," Abbasi akajibu kinyonge. "Nitaongea na baba mkubwa."

Jumapili wazee wakaingia, mbele yao Mzee Mahona, baba mkubwa wa Abbasi, mrefu, kofia imekaa sawasawa. Hata kahawa haijamiminwa, Batuli akatoka mbio jikoni na nyaya zake za kufungulia vitasa mkononi, akakifungua kifurushi mbele ya wote. Kanga. Kanga nyingine. Bahasha.

"Ah! Chuma kiko wapi? Ndiyo kifungua mlango hiki? Mimi nilisema kizito!"

Mzee Lukumani alijifunika uso. Mzee Mahona akasimama taratibu.

"Tulisikia binti anataka kizito, tukauza dume la ng'ombe. Kumbe bado hatujafika. Twendeni zetu."

Wakaondoka. Batuli akabaki na nyaya zake, ameelewa kwamba ameharibu, bila kuelewa ameharibu nini. Alilia mpaka macho yakavimba. Akipiga simu Nzega, karani anajibu: bwana shamba yuko shamba. Kila mara shamba! Hata mvua ikinyesha!

Mwishowe Abbasi mwenyewe akapokea. "Sema shida yako, opereta."

"Abbasi, usinifanyie hivyo. Kifungua mlango si cha siku ya harusi?"

"Kwetu ndicho kinachofungua maneno ya posa. Wewe ulidhani nini?"

Batuli akauzungusha waya wa simu kidoleni.

"Batuli?"

"Kitasa."

Abbasi aliangua kicheko mpaka Batuli akasogeza simu mbali na sikio, naye akacheka huku machozi yanamtoka.

"Mpenzi wangu, nifanyeje sasa?"

"Mzee ameapa harudi kwenu mpaka umwombe radhi wewe mwenyewe."

Batuli na baba yake wakapanda basi mpaka Puge. Binti alipiga magoti uani. "Shikamoo, baba." Mzee Mahona akaizuia marahaba mdomoni mpaka habari ya kitasa ilipoelezwa yote. Hapo alicheka akapaliwa na ugoro. "Marahaba, mwanangu! Marahaba!"

Posa ikapita. Abbasi akatimiza ahadi: alipata kitasa cha vyuma saba, kilichong'olewa kwenye chumba cha fedha cha ghala la pamba lililobomolewa. Batuli alihangaika nacho majuma na majuma. Vyuma sita vinakubali, cha saba kinakataa, vyote puu! chini.

Basi shangazi Maua, mtu wa visa, akamwita fundi akapachika kitasa hicho hicho mlangoni kwa bibi harusi. Ndoa ilipofungwa akamfungia Batuli ndani, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Kifungua mlango!" akadai.

"Hiki hapa, shangazi," akasema Abbasi, kanzu imemlowa jasho.

"Kidogo! Ongeza!"

"Nimeongeza tayari!"

"Ongeza tena! Unadhani tumemwokota?"

Ndani, katikati ya moshi wa udi, Batuli aliisikia sauti ya Abbasi inakauka. Moyo ukamwuma. Akatoa nyaya zake chini ya godoro, akapiga goti na gauni lake jeupe. Vyuma sita vikapanda. Cha saba siku zote alikikazania. Leo, kwa haraka ya kumfikia Abbasi, vidole vilikigusa kidogo tu, vikakiacha.

Tak!

Mlango ukafunguka. Vigelegele vikakatika.

"Ala!" shangazi Maua akashika kiuno. "Bibi harusi gani anajifungulia mwenyewe?"

Batuli akanyoosha mkono wenye hina, ukampita shangazi, ukamfikia Abbasi.

"Kifungua mlango apewe aliyefungua," akasema. "Lete, mume wangu."