Mikono ya Melania

Mdoli wa mazoezi alikuwa wa plastiki, hana damu wala roho, lakini Jumatatu ile Paskazia alipomshika kifundo cha mkono, alisikia mshipa ukidunda chini ya vidole vyake. Akageuka. Wenzake walikuwa wakipiga soga meza ya pili. Chumba kilinuka udi, na hakuna aliyefukiza.

Paskazia na Melania walisomea udaktari mjini Shinyanga, mwaka wa tatu, wakakaa chumba kimoja mtaa wa Ngokolo. Walikuwa chanda na pete mpaka majaribio ya vitendo yalipoanza. Dokta Bartholomeo, mwalimu wao, aliwapima mmoja mmoja: kusikiliza kifua, kushona kidonda, kuzungumza na mgonjwa. Kwa Melania aliandika "amemudu" kila mstari. Kwa Paskazia, "arudie."

"Mtazame mwenzio," alimwambia mbele ya darasa zima. "Mikono yake inasikiliza."

Neno lile lilimkaa Paskazia kooni kama mwiba wa sato. Jumatatu ile, wenzake walipotoka, alibaki peke yake na mdoli.

"Laiti ile mikono ingekuwa yangu," alinong'ona.

"Chukua," sauti ikamjibu sikioni.

Asubuhi Melania alishindwa kufunga vifungo vya koti lake jeupe.

"Paska, vidole vyangu vimekufa ganzi," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Umevilalia tu," Paskazia akajibu. Moyoni aliona raha, na raha ile ikamtia aibu, lakini hakuikataa.

Wiki ile alimudu kila kitu. Dokta alisaini huku akitikisa kichwa kwa mshangao. Melania alikaa nyuma ya darasa, mikono mapajani.

Kisha akaletwa Mwigulu, mchimbaji wa dhahabu kutoka Geita, aliyeangukiwa na jiwe shimoni. Paskazia akaambiwa ampapase tumbo. Vidole vikapaona penye maumivu mara moja, lakini havikuondoka, vikazama, vikazidi kuzama huku yeye akijivuta kwa nguvu zake zote na mgonjwa akipiga mayowe, na harufu ya udi ikajaa wodini mpaka ikamkaba pumzi, na katikati ya mayowe yale ile sauti ikacheka taratibu sikioni mwake, ikimuuliza ni nani mwingine anayemwonea wivu, amtaje tu, amtaje upesi, mpaka wauguzi wawili wakamshika mabega na kumng'oa pale.

Alitoka mbio hadi kwa Bibi Mageni, mganga wa mtaani kwao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu." Bibi alimnusa viganja, akakunja uso. "Huyu jini hukutupiwa na mtu. Umemlisha mwenyewe. Dawa yangu peke yake haimtoi. Mwite mwenye mikono."

Melania alikuja. Bibi akamwagia Paskazia maji ya mizizi kichwani, naye akaanza kunguruma kwa sauti isiyo yake.

"Sema!" bibi akafoka.

"Nilikuonea wivu," Paskazia alitoa maneno kwa shida, meno yakigongana. "Niliitamani mikono yako. Nilijua unaumwa, nikafurahi."

Akaanguka kifudifudi. Mlango ukajibamiza, na harufu ya udi ikakatika. Vidole vya Melania vikafunguka, kimoja baada ya kingine.

Paskazia akainuka, akanyoosha mkono amshike rafiki yake. Melania akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Nimekusamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini usiniguse."