Miguu ya Nakiete na Chui wa Mlimani

Haya, watoto, kaeni vizuri. Miguu yenu imetulia? Safi. Maana kuna miguu fulani haijui kutulia hata kidogo.

Miguu ya Nakiete!

Nakiete anaishi milimani, Upare. Akienda kuchota maji, anakimbia. Akirudi, anakimbia, na maji yote yanamwagika. Tifu tifu tifu!

Asubuhi moja alipanda mlima na shangazi yake, Mbonea. Walikuwa wanakwenda kwa bibi, upande wa pili. Bibi alikuwa anapika makande. Mmm!

Njia ikaingia msituni. Shangazi akasimama.

"Nakiete, humu anaishi chui. Usinitangulie. Na tukimwona, hatukimbii."

"Lakini shangazi, mimi nina mbio!"

"Chui anakushinda. Halafu yeye ni kama paka. Kitu kikikimbia, anakifukuza."

Makubwa! Nakiete akaitazama miguu yake.

"Tulieni, miguu yangu, tulieni. Leo tunakwenda pole."

Wakatembea pamoja, wakiimba kwa sauti ili chui awasikie mapema.

"Bibi, bibi, tunakuja! Makande usimalize!"

Kwenye kona, shangazi akanyamaza. Juu ya jiwe alikuwa amekaa chui. Mkia wake ulicheza huku na huku. Alikuwa anawatazama.

Du, du, du! Moyo wa Nakiete ulidunda. Miguu ikamwasha. Ilitaka kukimbia mpaka nyumbani!

"Tulieni, miguu yangu, tulieni. Leo tunakwenda pole."

Shangazi hakuinama. Hakumpa chui mgongo. Taratibu akafungua kanga ya begani na kanga ya kiunoni juu ya gauni lake.

"Moja yangu, moja yako. Inua juu, mwanangu. Tuwe wakubwa!"

Wakazitandaza kanga juu ya vichwa vyao. Pwaa!

"Wewe chui!" shangazi akasema kwa sauti kubwa. "Tumekuona! Nenda zako!"

"Nenda zako!" akasema Nakiete. Sauti yake ilitetemeka. "Sisi ni wakubwa!"

Hatua moja nyuma. Pole.

Hatua nyingine nyuma. Pole.

Chui akawatazama. Akapiga miayo. Kisha akashuka kwenye jiwe, chakacha, chakacha, akapotea msituni.

"Shangazi," Nakiete akanong'ona, "niliogopa."

"Hata mimi niliogopa sana."

"Lakini hukukimbia."

"Wewe je? Ulikimbia?"

Nakiete akaitazama miguu yake. Ilikuwa pale pale! Akacheka.

Wakarudi nyuma, wakashika njia ya mashambani. Ilikuwa ndefu kweli. Walipofika, jua lilikuwa linazama.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu! Mbona mmechelewa hivyo? Makande yamepoa!"

"Leo tumekuja pole, bibi."

Bibi aliposikia habari ya chui, alimkumbatia Nakiete kwa nguvu. Kisha akampakulia makande, bakuli limejaa pomoni.

Usiku, shangazi alimfunika Nakiete kwa ile kanga yake. Akamsomea maneno yaliyoandikwa pindoni: "Mwenda pole hajikwai."

Lakini chini ya kanga, kitu kilikuwa kinachezacheza. Mnakijua?

Miguu!

"Haya, miguu yangu," Nakiete akanong'ona. "Leo mmenisikia. Asanteni. Sasa kimbieni, lakini ndotoni tu."

Tifu tifu tifu.

Tifu... tifu...

Tifu.

Na Nakiete akalala.