Shingo Ndefu ya Baiskeli Nyekundu

Kila Jumamosi, kabla ukungu wa Kilimatembo haujaamua kama unaondoka au unabaki, Hyasinta alikunywa uji wake akiwa amesimama, akakwapua chupa ya maji na kukimbilia shuleni. Wenzake wa klabu ya baiskeli walikuwa wakimngoja. Walipanda lami kutoka Karatu kuelekea geti la Lodoare la kuingilia hifadhini, wakageuka kabla ya kulifikia, kisha wakateremka kurudi mjini. Upepo wa mteremko ule si wa kuchezea. Husemwa uliwahi kumvua mwinjilisti kofia, na kofia ikafika Mto wa Mbu kabla ya basi la asubuhi.

Aliyeendesha ubavuni mwake siku zote alikuwa Doreen. Hao wawili walikalia dawati moja tangu darasa la kwanza. Chapati ya mmoja ilikuwa ya wote, na siri ya mmoja ilizikwa kwa mwenzake.

Mwaka huo klabu ilipewa baiskeli mbili za mbio, na Hyasinta na Doreen ndio waliochaguliwa kuziendesha. Moja ilikuwa ndogo, ya bluu iliyopauka. Nyingine ilikuwa kubwa, nyekundu, iking'aa hivi kwamba jogoo wa jirani alipoiona aliwika saa nane mchana, akidhani jua limerudi kuchomoza. Hyasinta aliitazama mara moja tu, na usiku hakulala.

Mwalimu wa michezo, Madamu Ritha, aliyewahi kushindana mbio za baiskeli huko Arusha enzi za ujana wake, aliwaambia mapema kwamba baiskeli hizo hazigawiwi kwa kupenda rangi. Kila mmoja angepimwa miguu na mikono, na kipimo ndicho kingechagua. Mkono ulikuwa na kazi yake maalumu. Ndio ulioamua urefu wa shingo ya baiskeli, yaani kile kipande cha chuma kinachoushika usukani na kuusogeza mbele. Shingo ikiwa ndefu, usukani unakaa mbali na mwendeshaji. Ikiwa fupi, unamjia karibu.

Basi hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu Hyasinta alikuwa mfupi, na Doreen alimzidi kidogo.

Siku ya kupimwa, Hyasinta alipita kwa mzee Supeet, mlinzi wa geti la shule. Mzee huyo alivaa viatu vya matairi vyenye soli nene sana. Watoto walisema vilikatwa kwenye tairi la lori lililobeba lori jingine. Hyasinta alimwamkia kwa adabu zote, akamwomba amwazime viatu kwa ajili ya igizo la darasani. Mzee akavivua, akakunja miguu chini ya shuka lake, akasema igizo lisiwe refu maana kokoto hazina huruma.

Hyasinta akavivaa ndani ya truksuti ya kaka yake iliyoburuzika mpaka chini. Chumba cha kupimia kilikuwa na giza la mvua iliyokaribia, watoto wamejaa, na Madamu Ritha alikuwa na haraka. Alipoambiwa ashike penseli ndani ya ngumi ili mkono upimwe kuanzia begani hadi kwenye penseli, Hyasinta aliificha ngumi katika mkono wa truksuti na kuishika penseli kwa ncha za vidole. Hivyo mkono nao ukarefuka.

Doreen ndiye aliyekuwa ameshika ncha ya chini ya futikamba. Akaviona viatu, akaiona na penseli. Akainua macho, wakatazamana.

"Imefika chini, Doreen?" Madamu aliuliza.

Doreen aliibana ncha ya futikamba sakafuni. "Imefika, Madamu."

Hyasinta akapewa baiskeli nyekundu, ikafungwa shingo ndefu kulingana na mkono wake wa uongo. Doreen akapewa ya bluu, kwa kuwa ndiyo iliyobaki.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya fahari, na ya pili ikawa ya maumivu. Hyasinta alipoushika usukani, mikono yake ilinyooka kama fito, mgongo ukalala, na shingo yake mwenyewe ikakakamaa kwa kuinua kichwa aione barabara. Kabla ya kumaliza mlima, vidole vilikufa ganzi. Doreen, ambaye zamani alikwenda naye sambamba, sasa alimpita. Lekoko, mvulana mtundu wa klabu hiyo, alimsogelea ubavuni.

"Dada, unaendesha baiskeli au unaanua nguo kwenye kamba?"

Kila mtu alicheka, isipokuwa Doreen. Jioni hiyo Doreen alimshauri amweleze Madamu ukweli, kwani mashindano ya shule za tarafa yalikaribia. Hyasinta akamkumbusha kwamba siri ni siri.

Jumamosi iliyofuata wakawa wanateremka kuelekea mjini. Kundi la punda waliobeba madumu ya maji likakatiza lami mbele yao, bila haraka, kama kawaida ya punda. Wenzake walifunga breki. Hyasinta alinyoosha vidole vilivyokufa ganzi kuzitafuta breki zake, na breki zilikuwa mbali. Gari la watalii lilikuwa likipanda upande wa pili. Alichoweza kufanya ni kugeuza usukani kuelekea mtaroni. Baiskeli iliruka mtaro, ikaingia shamba la maharage, ikamtua humo. Alichubuka kiwiko. Mwenye shamba aliapa baadaye kwamba punda mmoja alitikisa kichwa kwa masikitiko.

Hyasinta aliwaambia wote kwamba aliteleza tu.

Jumatatu baada ya masomo, Madamu Ritha alimwita kwenye stoo ya michezo. Futikamba ilikuwa shingoni mwake kama ya fundi cherehani.

"Vua viatu, mwanangu," alisema. "Kunja na mikono ya sweta. Safari hii penseli ikae ndani ya ngumi."

Moyo wa Hyasinta ulianguka kama ndoo iliyokatika kamba. Viatu na penseli! Hakuna aliyejua habari hizo duniani ila mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amesimama pembeni ya mlango, anatazama sakafu.

"Umeniuza," Hyasinta alimwambia.

Doreen aliitikia kwa kichwa.

"Kwa baiskeli. Umeniuza kwa baiskeli."

Alitoka mbio. Kesho yake alihamia dawati la mwisho karibu na dirisha lililovunjika kioo. Chapati aliila peke yake. Kila alipomwona Doreen alikumbuka yale macho juu ya futikamba, na neno lile, imefika, Madamu. Kama alikusudia kusema, kwa nini hakusema siku ile ile? Kwa nini alingoja mpaka aaminiwe kabisa na siri hiyo, ndipo achomeke kisu? Hata nyumbani mama yake alipomuuliza mbona Doreen haji siku hizi, alijibu kwa kuuliza, Doreen gani? Adui unamjua tangu mwanzo. Rafiki akikugeuka, hujui hata uangalie upande upi.

Siku ya tatu Madamu Ritha aliwaita wote wawili. Baiskeli zote mbili ziliegemea ukuta. Hakugomba. Alimwamuru Doreen apande ya bluu kama aliyekuwa barabarani, akampa Hyasinta kazi ya kuizuia isianguke.

"Mtazame mwenzako kwa pembeni," alisema. "Mzungushie pedeli polepole, uniambie unaona nini."

Hyasinta hakutaka kutazama, lakini alitazama. Mgongo wa Doreen ulikuwa umekunjika kama wa paka aliyemwagiwa maji. Kila pedeli ilipopanda, goti lilikwenda kugonga kiwiko. Magoti yote mawili yalikuwa na alama nyeusi, za zamani na mpya.

"Tangu lini?" Hyasinta aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tangu siku ya kwanza," Doreen akasema. "Nyekundu ilikuwa kipimo changu. Na sikudanganyi, niliitaka. Lakini sikusema kwa ajili hiyo. Nilisema kwa sababu ya lile gari. Nilifumba macho, Hyasinta, nikingoja kusikia kishindo."

Hyasinta aliinamisha kichwa. Usaliti aliokuwa akiulalamikia kila siku alikuwa ameuona sasa, tena ulikuwa wake mwenyewe, nao ulikuwa umepanda baiskeli ya bluu muda wote huo, ukigonga magoti kimya kimya.

Mchana huo walifanya kazi. Kwanza Madamu aliifunga nyekundu shingo fupi kuliko zote alizokuwa nazo. Hyasinta aliufikia usukani, lakini ulicheza huku na huku kama mbuzi aliyekataa kamba, na kiti bado kilimzidi. Shingo haiwezi kuponya mwili wa baiskeli usio wako. Wakahamia ya bluu, wakaongeza shingo kidogo tu, wakajaribu, wakaongeza tena. Mwishowe viwiko vya Hyasinta vikalegea vizuri, kama vya mtu aliyebeba trei ya chai, na vidole vikazikumbatia breki bila kunyooshwa. Nyekundu ikafungwa shingo ya kipimo cha Doreen, naye akaipanda, akawa kama aliyezaliwa nayo.

Siku ya mashindano, ukungu uliondoka mapema. Doreen alimaliza wa pili, Hyasinta akamfuata kwa karibu kiasi cha kuweza kumpigia mluzi. Vidole vyake vilikuwa hai vyote.

Baadaye, wakigawana chapati kwenye nyasi, Hyasinta alimwomba Doreen msamaha mbele ya wote, kisha akaenda getini kumweleza mzee Supeet kwamba hapakuwa na igizo lolote. Mzee alifikiri kidogo, akasema kwamba igizo lilikuwepo, ila yeye ndiye aliyelilipia kwa nyayo zake. Tangu siku hiyo alifunga viatu vyake kwa kamba kila alipomwona Hyasinta akija.

Madamu Ritha aliikunja futikamba yake na kuitia mfukoni.

"Kipimo hakimpendi mtu wala hakimchukii," aliwaambia. "Ukikidanganya hakikukaripii. Kinakungoja mteremkoni. Na rafiki anayekufichia uongo anakusindikiza tu huko. Hyasinta, ulilia kwamba umesalitiwa. Aliyekusaliti alivaa viatu vya watu. Aliyesema kweli ndiye aliyekurudisha nyumbani mzima."