Chaki Kwenye Mkanda

Mwili ulikuwa umefunikwa shuka kando ya barabara, na mvua ya asubuhi ilikuwa haijaacha kunyesha. Pikipiki ililala hatua tano mbele, taa yake bado inawaka. Marehemu hakuwa na helmeti.

Inspekta aliinua shuka, akaishusha upesi. Jina alilosomewa na konstebo alilijua. Saa mbili kasoro kijana huyu alikuwa amepiga simu kituoni: "Afande, nimeibiwa helmeti nyumbani." Inspekta, kikombe cha chai mkononi, alimjibu kama alivyowajibu wote: "Wizi hauandikishwi kwa simu. Njoo mwenyewe."

Kijana alikuwa njiani kuja.

"Lori liliteleza, dereva tunaye," alisema konstebo. "Daktari anasema angekuwa na helmeti, huenda angepona."

"Basi huyo mwizi nitamtafuta mimi mwenyewe," alisema Inspekta.

Kwenye begi la marehemu, ndani ya mfuko wa plastiki, palikuwa na mnyororo wenye kufuli. Pete ya mkanda wa helmeti ilikuwa bado imefungwa humo, pamoja na kipande cha mkanda kilichokatwa. Maskini, alikuwa analeta ushahidi.

Inspekta alikwenda nao kijiweni. Mwenyekiti wa madereva wa pikipiki alikuwa amejiinamia kwenye benchi.

"Alikuwa na adui?"

"Yule? Wapi! Tulikuwa tunamtania tu, tunamwita Mume wa Helmeti. Bila helmeti hawashi pikipiki, hata kwenda dukani. Na nyumbani anaifunga mnyororo uani, utadhani ng'ombe."

"Nani anaiba helmeti hapa?"

"Wapo. Lakini hii si kazi yao." Mwenyekiti aliugeuzageuza mfuko. "Mwizi anakata mnyororo, afande. Helmeti iliyokatwa mkanda atamuuzia nani?"

Inspekta alikisogeza kipande kwenye mwanga. Kilikuwa kimekatwa kwa mikato miwili ya mkasi mkubwa, na ukingoni mwake ulipita mstari mwembamba wa buluu. Aliukwangua kwa ukucha. Chaki.

Mwizi gani hupiga mstari kabla ya kukata?

"Aliishi na nani?"

"Na mama yake tu. Fundi cherehani." Mwenyekiti alimtazama, kisha akatazama kipande. "Aa, afande. Usiniambie."

Chumbani kwa mama majirani walikuwa wamejaa, wanalia. Inspekta aliwaomba watoke kidogo. Mkasi wa kukatia vitambaa ulikuwa mezani, na chaki ya buluu kando yake. Alitamani awe amekosea.

"Pole sana, mama."

"Asante, baba."

"Mama, asubuhi ya leo ulikata nini?"

Mama aliingiza mkono chini ya rundo la vitambaa, akatoa helmeti. Ilikuwa na mkanda mpya, umeshonwa kwa mistari mitatu. Upande mmoja sindano ilikuwa bado imechomekwa, pale alipofikiwa na habari.

"Juzi tumemzika mwenzake wa kijiweni, aliteleza kwenye mvua," alisema. "Leo nikaamka, mvua hiyo. Nikamwomba apumzike siku moja tu, akacheka. Nikasema nikiificha helmeti atashinda nyumbani. Ufunguo wa kufuli sina, nikakata. Jioni ningemrudishia, imara kuliko mwanzo."

"Kwa nini ulipiga mstari?"

"Mkono umezoea, baba. Sijawahi kukata kitu ovyo."

"Na alipoikosa?"

"Nikanyamaza. Alisema anatoka mara moja. Nikajua anakwenda kwa jirani, kumbe anawasha pikipiki. Nilitoka mbio na mkasi mkononi, namwita. Hakunisikia." Alinyoosha mikono yote miwili. "Nifunge. Nimemuua mwanangu."

Inspekta alikuwa amefungua daftari. Alilifunga.

"Kitu kimoja kinanitesa," mama alisema. "Alikuwa anakwenda wapi? Mwanangu hatoki hivyo. Nani alimwita kwenye mvua ile?"

Inspekta angeweza kusema uchunguzi unaendelea. Alikwishawaambia hivyo watu wengi. Alivua kofia yake, akaketi sakafuni karibu na cherehani.

"Mimi, mama," alisema. "Alipiga simu kushtaki wizi. Nikamwambia aje mwenyewe."