Kisiki Akataa Kuandika Mrs

Kila asubuhi Kisiki aliinjika chai huku mama yake, fundi wa kuchomelea mageti, akifunga kamba za buti zake za kazi. Jina hilo la utani alipewa na wenzake darasani, kwa sababu akishasimama mahali hasogei.

Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia. Mwalimu wa Kiingereza aliwagawia wanafunzi kadi za kuweka kwenye viti vya wageni.

"Akina mama wote waandikeni Mrs," alisema. "Ndiyo heshima."

Kisiki akaandika Ms. Mwenzake wa dawati, binti wa mshonaji, alichungulia akaangua kicheko. "Umemeza herufi!"

"Sijameza kitu. Mama yangu hana mume."

Darasa zima liligeuka. Mwalimu akaja, akaisoma kadi. "Futa."

"Sifuti, mwalimu. Si ni wewe uliyetufundisha? Miss ni ambaye hajaolewa, Mrs ni aliyeolewa, Ms haiulizi habari za ndoa. Nikiandika Mrs nitakuwa nimedanganya."

"Unataka kumwaibisha mama yako mbele za watu?"

Machozi yalimlengalenga Kisiki, lakini sauti haikutetereka. "Aibu iko wapi? Anafanya kazi mpaka mikono inatoka malengelenge, na ananilea. Kwani mpaka awe mke wa mtu ndipo aheshimiwe?"

Alitolewa nje. Wakati wa mapumziko, hasira zikiwa bado zimempanda, aliingia darasani peke yake akazibadilisha kadi zote za akina mama ziwe Ms. Hakuna aliyezikagua tena kabla ya kupangwa vitini.

Siku yenyewe ilipofika, mshonaji, mama wa mwenzake wa dawati, aliinua kadi yake. "Nani ameniandika hivi?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba. Marehemu mume wangu aliniacha nikiitwa Mrs, mwanangu. Sijakuomba uniondolee."

Kisiki alihisi uso ukiwaka. "Nisamehe, mama. Sikukuuliza." Akaiandika upya palepale.

Mama yake naye alikuwa ameishika kadi yake. "Hii yangu asiiguse mtu," alisema.

Mwalimu akamsogelea. "Mama, nilitaka aifute. Nilidhani nakustahi."

"Ungeniuliza, mwalimu. Mdomo ninao."

Watu wakacheka, na mwalimu akacheka nao, ingawa kwa shida. Kisha akawageukia wanafunzi.

"Mimi na Kisiki tumefanya kosa moja. Tumewachagulia watu wazima namna ya kuitwa. Neno la heshima ni lile ambalo mwenyewe analikubali. Kwanza muulize, ndipo uandike."

"Na akishanijibu?" Kisiki aliuliza, kidevu juu.

"Akishakujibu, usikubali mtu yeyote akulazimishe kufuta. Hata mimi."